Mama Mkwe wa Mafundi Zege

Benchi letu ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, pembeni ya duka la vipuri, mkabala na jengo la ghorofa la zamani. Roshani za jengo hilo zilikuwa zimeanza kumwaga vipande vya zege barabarani, nondo zimetokeza nje kama mbavu za punda mwenye njaa, mpaka wenye jengo wakaona aibu wakaita mafundi. Mimi ndiye mwenye jiko na birika. Wananiita Shangazi, hata walionizidi umri. Saa ya mapumziko mafundi huvuka barabara wakiwa weupe kuanzia kope hadi viatu, utadhani wametolewa kwenye gunia la unga, wakanywa kahawa na kubishana. Yupo Redio, mshika mashine ya kuvunjia zege, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishawaka hazimiki. Yupo Kobe, anayechanganya saruji na kuziba mashimo, ambaye huchelewa kufika, huchelewa kukaa, na huchelewa zaidi kusema. Na yupo Profesa, ambaye wala si fundi wa jengo. Ana meza ya kuchonga funguo hapo jirani, na huifunika turubai kila akisikia mabishano yameanza. Siku hiyo mabishano yalikuwa juu ya maiti. Asubuhi msimamizi alikuwa amewaambia mafundi kwamba Mama Mkwe amefariki, na familia imeshamzika.

Mama Mkwe alikuwa mwanamume. Mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza. Kazi yake pale jengoni ilikuwa moja tu: kuhakikisha kila anayegusa zege amevaa. Kofia ngumu, miwani, barakoa ya vumbi, glovu, buti. Asubuhi alisimama chini ya ngazi na kapu lake, akigawa. Jioni alikusanya, akazifuta barakoa moja moja kwa kitambaa chenye maji, kama mama anayesafisha chupa za mtoto. Na katikati hapo, kutwa nzima, alisema. "Vaa, mwanangu. Wewe, mwanangu, vaa." Redio ndiye aliyembatiza, akidai kwamba hata mama mkwe wake hajawahi kumsema hivyo. Jina likashika. Mzee hakukasirika, aliligeuza likawa lake. "Sawa, mkwe wangu," alikuwa akisema. "Binti yangu nimekupa angali kijana, sitaki aitwe mjane. Vaa." Vijana wakacheka, wakaivaa barakoa, wakapanda ngazi. Mzee akigeuka, barakoa imeshuka kidevuni. Akifika chini, imeshuka shingoni.

— Ni maji ya baridi, alianza Redio. Nilimwona kwa macho yangu. Mzee katoka juani, jasho linamchuruzika, anapiga chupa nzima ya maji ya barafu. Kifua kinapasuka hapo hapo.

— Kifua si glasi, alijibu Profesa.

— Wewe unajua nini kuhusu kifua? Wewe unajua vitasa.

— Kifua nacho ni kitasa tu. Kina tundu, kina springi. Nisikilizeni niwaeleze. Yule mzee jioni alikuwa anazifutia wapi barakoa zake? Stoo. Stoo mna nini? Makopo ya rangi, dawa ya kuondoa kutu, na dirisha lililozibwa kwa mbao. Harufu ile ikikaa ndani ya mtu inageuka gesi. Gesi kazi yake ni kupanda. Hamkuona siku za mwisho alivyokuwa mwepesi? Upepo ukivuma anashika ukuta.

— Alikonda, Profesa. Mtu akikonda unasema ana gesi?

— Na kukonda kulitoka wapi?

Kobe ndio kwanza alikuwa anafika. Alikaa, akapokea kikombe chake, akakipuliza.

— Vumbi, alisema.

Redio alimgeukia kama mtu aliyetukaniwa mama.

— Vumbi gani wewe? Mzee hakushika mashine hata siku moja. Alishika kapu. Mimi ndiye ninayelila hilo vumbi, asubuhi mpaka jioni, kwa mwiko. Mbona nipo?

— Upo, alisema Kobe.

Akanywa kahawa yake. Redio akakohoa kidogo, akatema mate pembeni, akayafukia kwa ncha ya kiatu.

— Basi mimi nina jingine, alisema Profesa, maana hawezi kuona kimya akakiacha. Maneno. Kila binadamu anazaliwa na akiba yake ya pumzi. Wengine wanaitumia kuimba, wengine kukimbia. Yule yake yote aliitumia kuwaambia nyinyi mvae. Hebu pigeni hesabu, neno "vaa" lilimtoka mara ngapi kwa siku? Ilimwishia akiwa katikati ya sentensi.

— Kama ni hivyo wewe ungekuwa umekufa ukiwa chekechea, nilimwambia.

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikwenda mbali. Redio alikuwa wa kwanza kukiacha.

— Mnataka niseme ukweli? Ni jengo. Jengo zee kama lile halipendi kuguswa. Sisi tunalitoboa mbavu, tunalichokonoa nondo, nalo linatuangalia tu. Siku likichoka linachukua mtu mmoja.

— Na kwa nini limchukue mzee wa kapu, limwache anayelitoboa? nikauliza.

— Mimi linaniogopa.

— Wahenga walisema, alianza Profesa akinyanyua kidole.

— Waache wahenga walale, nikamkata. Leo tuna marehemu wetu.

Ng'ambo ya barabara mashine ya zamu nyingine ilikuwa inapiga kwenye roshani ya juu, na vumbi jeupe likishuka taratibu kama mtu anakung'uta shuka. Mimi nikasema jambo lililokuwa limenikaa rohoni tangu asubuhi.

— Hivi nyinyi hamkuwahi kumsikia anavyopumua? Mimi kwenye jiko langu hapa nilikuwa najua amefika kabla sijageuka. Akikaa hapo ulipokaa wewe Profesa, ilikuwa kama mtu anavuta kigoda juu ya sakafu.

— Uzee, alisema Redio.

— Na kwenye ngazi? Kila kituo anasimama.

— Alikuwa anakagua kazi.

— Alikuwa anakagua ukuta mtupu, alisema Kobe.

Tukamtazama. Kobe alizungusha kikombe mkononi mpaka tukadhani hataendelea.

— Nilimkuta siku moja, ghorofa ya pili. Amesimama, kaegemeza paji la uso ukutani. Nikamwuliza, mzee, vipi? Hakujibu. Nikangoja. Alipopata pumzi akaniuliza, glovu zako ziko wapi?

— Ukamwambia ziko wapi?

— Mfukoni.

— Akasemaje?

— Akasema, mfuko wako unashika saruji?

Kobe alifungua kiganja chake, akakitazama kama anakiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimechanika kwenye mistari yote, kingo za vidonda nyeupe, kati kwekundu. Saruji mbichi haiumi siku hiyo; inamla mtu polepole, usiku ndipo anaposhindwa kufunga ngumi. Nilikuwa nimemuona mara nyingi akishika kikombe kwa ncha za vidole, na siku zote nikadhani ni madaha.

— Lakini na yeye alizidi, alisema Redio, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Tuseme ukweli hata kama kafa. Miwani ile ikipata jasho huoni nondo wala mguu wako. Barakoa ile ni kama kubusiwa na tairi. Ukisimama ufute miwani, msimamizi anapiga kelele kutoka chini, umekuja kazini au umekuja saluni? Sasa umsikilize nani? Mzee anayesema vaa, au anayesema maliza?

— Si mzee alienda kumwambia msimamizi? nikauliza.

— Alienda. Msimamizi akamwambia sawa mzee, nimekusikia. Kesho yake kelele zile zile.

— Basi alisema na wote, alisema Kobe.

— Alisema na wote, Redio akakubali.

Hapo ndipo yule mwanamke alipovuka barabara. Alitokea kwenye geti la jengo, amebeba mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko niliona ukingo wa kofia ngumu ya njano na kikombe cha bati nilichokijua vizuri, maana nimekimiminia kahawa asubuhi nyingi. Umri wake haukufika wa kuitwa mama na haukuwa wa kuitwa msichana. Alisimama mbele ya benchi, akaniangalia mimi kwanza.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsante. Mlinzi kaniambia nitawapata hapa wenzake baba. Nimekuja kuchukua vitu vyake.

Redio aliruka kutoka kwenye benchi.

— Kumbe wewe ndiye binti wa Mama M...

Akalimeza lililobaki. Mwanamke akatabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyelia mpaka akachoka.

— Sema tu, kaka. Najua mlimwita Mama Mkwe. Alikuwa anatusimulia nyumbani. Anacheka mpaka kifua kinamkamata, tunamshika mgongo.

Tukampa pole, kila mtu kwa namna yake. Profesa alivua kofia. Kobe alisimama, akabaki amesimama. Nilimsogezea yule binti kigoda changu lakini hakukaa. Na Profesa, ambaye ubongo wake haujui kupumzika hata msibani, akauliza kwa adabu zote:

— Samahani, binti yangu. Hapa tulikuwa tunajiuliza. Ni nini hasa kilichomchukua mzee?

— Mapafu, baba. Daktari alisema yamekuwa magumu. Baba alivunja zege ujana wake wote. Madaraja, matangi ya maji, maghala, popote palipochakaa aliitwa yeye. Enzi zile hakuna aliyewapa hata kitambaa cha kufunga puani. Akaacha kazi hiyo, akakaa miaka, tukadhani kaponyoka. Kumbe vumbi lilikuwa ndani, linamngoja.

Hakuna aliyemwangalia Redio, na Redio hakumwangalia mtu.

— Alipojua kwamba haponi, binti aliendelea, tulimwambia akae nyumbani apumzike. Akakataa. Alizunguka kwenye majengo, anaomba apewe kazi ya kugawa vifaa. Wengi walimfukuza. Hapa ndipo walipomchukua.

— Hakutuambia, alisema Kobe. Dada, hakutuambia hata siku moja kwamba anaumwa.

— Nilimbembeleza awaambie. Nikamwambia, baba, wafungulie shati wakuone mbavu, waambie ni vumbi. Akasema, wakijua watanionea huruma mimi, na kesho msimamizi atanirudisha nyumbani. Wataniona mimi mgonjwa, vumbi hawataliona.

Birika lilikuwa limebaki na kahawa ya chini tu, linachemka kwenye makaa, nikaliondoa kwa sababu lile chemko lilinikera. Yule binti akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

— Lakini nisiwape majonzi tu. Alikuwa na furaha yake moja. Mwishoni hakuweza kusema maneno mengi, lakini hilo alilisema. Alisema kuna mmoja hapa ameshaanza kuvaa. Vyote, kofia mpaka glovu, na bila kuambiwa. Akaniambia, ukienda kuchukua vitu vyangu mtafute, unisalimie. Jina ndilo hakuwahi kunipa. Ni nani kati yenu?

Akawatazama usoni, mmoja mmoja. Nyuso zote mbili za mafundi zilikuwa nyeupe sawasawa, pua, mdomo, mashavu, hakuna palipokuwa pamefunikwa na barakoa wala miwani. Yule ni mtoto wa fundi zege. Nadhani alijua kabla hajamaliza kuuliza.

Mimi nilikuwepo siku ile mzee alipomwona huyo mmoja, kwa hiyo acha niiseme ilivyokuwa. Mzee hakuwa ameanza kulala kitandani bado. Saa ya mapumziko Redio alishuka amevaa kila kitu: kofia, miwani, barakoa, glovu, buti, kizibao kinachong'aa. Alisimama hapa mbele ya benchi, akaweka mkono kiunoni, akapinda mgongo, akaanza kuburuta miguu huku anakohoa. "Wakwe zangu! Vaeni! Binti yangu hataki kuwa mjane!" Tulikufa kwa kicheko. Profesa alianguka nyuma ya benchi. Mimi nilimwaga kahawa ya mteja. Katikati ya kicheko mzee akatokea kwenye kona, na sisi sote tukazima kama taa. Aliona mtu mmoja tu, kijana wake aliyevaa vyote. Alikuja polepole mpaka alipo Redio, akazunguka nyuma yake, akakamata ule mkanda wa barakoa kisogoni, akaukaza. "Hapo sasa," alisema. "Hewa isipite pembeni, mwanangu." Akampapasa bega, akaondoka bila kusubiri kahawa. Redio alibaki kavaa mpaka mzee alipopotea machoni. Kisha akavua vyote, akavitupa kwenye benchi, na hakuna aliyecheka tena. Mzee alikuja kazini siku chache baada ya pale, kisha hatukumwona tena.

— Hakuna, dada, alisema Kobe taratibu. Hakuna aliyevaa.

— Ni mimi, alisema Redio.

Sauti haikuwa ile yake. Ilikuwa ndogo, kama redio iliyosahauliwa kwenye chumba cha mbali.

— Aliniona mimi. Lakini sikuwa nimevaa kwa ajili ya kazi. Nilikuwa namwigiza. Nilikuwa nawachekesha hawa. Dada, baba yako alinikaza mkanda huku nyuma, na mimi nilikuwa namcheka.

Nilidhani atamtukana. Mimi ningemtukana. Yule binti aliinamisha kichwa, akichezea ukingo wa ile kofia ya njano ndani ya mfuko.

— Siku ile alirudi akala, alisema. Alikuwa hali chochote. Siku ile aliomba aongezewe.

Redio akajifunika uso kwa mikono yake miwili. Vumbi likamtoka kwenye nywele likamwangukia magotini.

— Dada, kama ningejua...

— Usingejua, kaka. Yeye mwenyewe hakutaka mjue. Mimi sikuja kugombana.

Kisha akageuka akatutazama wote, mafundi, Profesa, hata mimi, na safari hii macho yake yalikuwa na shida nyingine kabisa, shida ya mtu aliye hai.

— Ila nina swali, na naona nyinyi ndio wa kuulizwa. Mume wangu naye yumo kwenye kazi hii hii. Wanaziba tangi la maji, kule upande wa pili wa mji. Anarudi nyumbani mweupe hivi hivi mlivyo nyinyi, watoto wanamrukia, wanamchora usoni kwa vidole, wanacheka. Barakoa anayo. Ipo juu ya kabati. Baba alimsema mpaka wakanuniana. Mimi nimembembeleza, nimemfokea, nimelala mzungu wa nne, miguu yangu kichwani pake, nimemtishia kurudi kwetu, na kwetu kwenyewe ndiko tunakoishi. Amemuona baba yangu akifa chumba cha pili, amemnyanyua kwa mikono yake, na kesho yake akaenda kazini pua wazi. Basi nifundisheni. Mtu kama nyinyi anaambiwaje mpaka asikie?

Profesa alinyanyua kidole, kile kidole chake cha kueleza kila kitu, kisha akakiona kipo hewani, akakishusha. Tukamngoja Kobe, kwa sababu Kobe hata akichelewa huwa anafika, na Kobe alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, akatikisa kichwa.

— Mama? binti akanigeukia.

Nilishika birika ili nimmiminie, nipate cha kufanya na mikono. Likatoa tone moja na machicha.

Ng'ambo ya pili msimamizi alikuwa anagonga kipande cha nondo kwenye bomba, akiwaita warudi kazini. Aligonga, akagonga tena. Hakuna aliyeinuka. Yule binti aliweka mfuko chini, akaketi mwisho wa ubao, mikono mapajani, akasubiri ajibiwe.